Matembezi ya Vuli Katika Kilima cha Catbells

Kaskazini-magharibi ya Uingereza iko nchi ya vilima na maji ambayo wenyeji huiita Lake District, yaani Wilaya ya Maziwa. Maziwa hayo si ya kukamuliwa. Ni maji baridi yaliyotuama katika mabonde ambayo barafu iliyachimba zamani za kale. Miongoni mwa vilima vyake kipo kimoja kiitwacho Catbells, kilichosimama kando ya ziwa la Derwentwater. Juu yake ni futi 1,481 tu kutoka usawa wa bahari. Mkaaji wa Nairobi, ambaye kila usiku hulala mahali palipoinuka zaidi ya futi 5,000, huenda akacheka akisikia kwamba watu wazima hujitayarisha kwa ramani, tochi na makoti mazito ili kukipanda kilima kidogo namna hiyo. Lakini akikipanda katika majira ya vuli hatacheka tena, maana kilima hiki kwa saa tatu tu humwonyesha mtu jua, ukungu, upepo, mvua na jua tena.

Neno vuli lenyewe lastahili kufikiriwa. Kwa Waswahili vuli ni majira ya mvua ndogo. Kwa Waingereza miezi hiyo hiyo ya Oktoba na Novemba ni majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Ni wakati ambapo mchana hupungua upesi. Katikati ya Oktoba jua huchwa baada ya saa kumi na mbili jioni. Katika juma la kwanza la Novemba, saa za ukutani zikiisha kurudishwa nyuma kwa saa moja, huchwa kiasi cha saa kumi na nusu. Mtu wa Ikweta amezoea jua lisilobadili saa zake mwaka mzima. Huko hana budi kuhesabu saa za mwanga kabla ya kuhesabu maili za njia.

Matembezi huanza katika mji mdogo wa Keswick, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Karani yeyote wa Kenya aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya risasi ana deni katika mji huu. Katika karne ya 16 watu wa bonde la Borrowdale, kusini ya ziwa, waligundua katika mlima madini meusi, laini, yenye kuchafua vidole. Wachungaji waliyatumia kwanza kuwatia alama kondoo wao. Kwa kuwa wakati huo elimu ya madini ilikuwa changa, watu walidhani ni aina ya risasi, na kosa hilo likaingia katika majina ya kalamu, hata katika Kiswahili. Kumbe si risasi kabisa. Ni grafaiti, ndugu ya makaa na almasi. Thamani yake ilipanda hata katika mwaka 1752 Bunge lilitunga sheria kali juu ya wezi wa madini hayo. Kiwanda cha kalamu kilianzishwa Keswick mwaka 1832, na kwa muda mrefu kilikuwa riziki ya watu wengi, mpaka kazi yake ilipohamishiwa karibu na mji wa Workington katika miaka ya 2000.

Kutoka gati la Keswick mtembezi huvuka kwa motaboti hadi ng'ambo ya magharibi. Ziwa lina urefu wa maili tatu na upana wa maili moja hivi, na kina chake hakipiti futi 72. Ndani yake vimo visiwa vinne vyenye miti. Katika kimoja alikaa mtawa aitwaye Herbert, ambaye mwanahistoria Bede aliandika kwamba alifariki mwaka 687, siku moja na rafiki yake Cuthbert, ingawa walikuwa mbalimbali. Katika kingine waliishi baadhi ya mafundi wa Kijerumani walioletwa katika miaka ya 1560, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kuja kuchimba shaba katika bonde la Newlands nyuma ya kilima. Asubuhi tulivu maji ya ziwa huwa kama kioo, na kilima huonekana mara mbili, kimoja kimesimama na kimoja kimepinduliwa. Ukitokea upepo wa magharibi, kilima cha majini huvunjika vipande vipande, na hapo wazee wa gati hutazama angani.

Motaboti hutia nanga Hawse End, na kutoka hapo mwinuko waanza. Njia hupita katikati ya mialoni, kisha hutoka nje ya miti na kushika mgongo wa kilima. Pande zote mbili mteremko umefunikwa na majani ya mwitu ya jamii ya kangaga, ambayo wakati wa kiangazi ni kijani kibichi, na vuli ikifika hugeuka rangi ya kutu. Jua likipenya mawingu, ubavu mzima wa kilima huwaka kama ngozi ya simba. Jua likijificha, rangi yote hufa kwa mara moja.

Njiani, katika mwamba, kipo kibao cha ukumbusho wa Thomas Arthur Leonard, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1948. Huyu alikuwa mchungaji wa kanisa katika Colne, mji wa viwanda vya pamba. Aliona vijana wa viwandani wakipata siku chache za mapumziko na kuzitapanya pamoja na fedha zao katika miji ya starehe ya pwani, kisha wakirudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Mwaka 1891 aliwachukua vijana thelathini hivi hadi Ambleside, katika Wilaya hii ya Maziwa, kutembea milimani kwa gharama ndogo waliyoshirikiana. Kutokana na safari hiyo kilizaliwa chama cha ushirika wa mapumziko. Wakulima wa Kenya wanaujua ushirika wa kahawa na wa maziwa ya ng'ombe; hapa ulikuwa ushirika wa kupumua hewa safi, na ulifanikiwa kwa kanuni zile zile za kila mtu kutoa kidogo na wote kupata.

Kadiri mtu apandavyo, hewa hupoa na upepo huongezeka nguvu. Hali ya hewa ya nchi hii hugeuka kwa sababu iliyo wazi. Pepo za magharibi hutoka katika bahari kuu ya Atlantiki zikiwa zimebeba unyevu mwingi, na vilima hivi ni miongoni mwa vizuizi vya kwanza kukutana navyo. Hewa husukumwa juu, hupoa, na unyevu wake huwa mawingu na mvua. Ndiyo sababu kitongoji cha Seathwaite, kilicho ndani ya milima, hupata zaidi ya inchi 120 za mvua kwa mwaka, na Keswick, maili chache tu kutoka hapo, hupata kama nusu yake. Waswahili husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Huko mawingu yapo karibu kila siku, kwa hiyo mtembezi hujifunza kusoma dalili nyingine. Aliye juu ya mgongo wa Catbells hutazama upande wa magharibi, ng'ambo ya bonde la Newlands. Akiona vilima vya mbali vimefutika mmoja baada ya mwingine kana kwamba mtu anavifunika kwa shuka ya kijivu, ajue kwamba mvua itamfikia baada ya dakika chache.

Na hufika kwa haraka. Kwanza huja manyunyu, kisha upepo wa ghafula, kisha mvua yenyewe ikipiga kwa ubavu, mara nyingine ikichanganyika na mvua ya mawe. Karibu na kilele iko sehemu ya mwamba ambapo hapana budi kutumia mikono. Mawe ya hapo yamesuguliwa na viatu vya watu wasiohesabika hata yamekuwa laini, na yakilowa huteleza kama sabuni. Hapo ndipo busara hupimwa. Si aibu kujikunyata nyuma ya mwamba na kungoja, wala si aibu kurudi. Katika Keswick kiko kikosi cha waokoaji kilichoanzishwa mwaka 1947. Ni watu wenye kazi zao nyingine, na hawalipwi mshahara. Saa yoyote waitwapo huacha kazi au kitanda na kupanda milimani kuwatafuta waliovunjika miguu au kupotea katika ukungu. Mtembezi anayekaidi hali ya hewa hajihatarishi peke yake. Anawahatarisha na hawa.

Mvua ikipita, mara nyingi hupita kabisa. Mawingu hupasuka, na kutoka kileleni nchi yote huonekana kana kwamba imeoshwa asubuhi ile. Mashariki ni ziwa na visiwa vyake. Kaskazini ni Keswick, na nyuma ya mji mlima mkubwa wa Skiddaw wenye futi 3,054. Kusini ni lango jembamba la Borrowdale. Magharibi, chini kabisa, ni Newlands na mashamba yake ya kijani yaliyogawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Upinde wa mvua huweza kusimama mguu mmoja ziwani na mwingine shambani. Wasomaji wa vitabu vya watoto huijua nchi hii bila kufika, kwa maana Beatrix Potter aliitumia katika hadithi yake ya Mrs Tiggy-Winkle iliyotolewa mwaka 1905. Bibi huyo baadaye akawa mfugaji wa kondoo, na alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 na mashamba yake kwa chama cha National Trust, ili yaendelee kulimwa na kufugwa.

Kondoo aliowapenda ni wa aina ya Herdwick, na hao ndio wenyeji halisi wa vilima hivi. Mwana-kondoo huzaliwa mweusi, kisha kadiri akuavyo sufi yake hugeuka ya kijivu, na uso huwa mweupe. Jambo la ajabu kwa mfugaji wa Kenya ni kwamba juu ya vilima mahali pengi hapana ukuta wala seng'enge ya kutenga kundi la mtu mmoja na la jirani yake, wala hapana mchungaji wa kukaa nao kutwa. Kondoo jike anaujua upande wake wa kilima, naye humfundisha mwanawe anapotembea naye. Mwanawe atamfundisha wake. Kwa njia hiyo kila kundi hukaa katika malisho yake kizazi baada ya kizazi, limefungwa bila kamba. Wakipotea, hutambuliwa kwa alama za masikio na za rangi juu ya sufi, na alama za kila shamba zimekuwa zikichapishwa katika kitabu cha wachungaji tangu mwaka 1817. Mwezi wa Novemba madume huachiwa majike. Dume hupakwa rangi kifuani, na kila jike aliyepandwa hubaki na rangi mgongoni, hata mfugaji hujua bila kuuliza nani atazaa mapema. Hesabu yao ni miezi mitano, ili wana wazaliwe Aprili majani yanapoanza kuota.

Ujuzi huu wa kondoo ni mali, lakini ni mali isiyowekwa benki. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza. Zaidi ya wanyama milioni sita waliuawa ili kuuzuia, na jimbo la Cumbria, ambamo vilima hivi vimo, liliumia kuliko mengine yote. Njia za milimani zilifungwa, na wageni wakakatazwa kupita. Hofu ya wafugaji haikuwa juu ya fidia tu. Kondoo wa kununuliwa sokoni aweza kujaza boma, lakini hajui kilima. Na makundi yanayokijua yakiisha, hapana wa kuwafundisha wageni.

Tangu wakati huo yamekuwapo mabishano mengine, na hayajaisha. Mwaka 2017 Wilaya ya Maziwa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na miongoni mwa sababu ilikuwa ufugaji huo wa kale. Lakini wapo wanaosema kwamba kondoo wamekuwa wengi mno, hula miche ya miti kabla haijakua, na kilima kilicho uchi hushindwa kuyazuia maji. Wafugaji nao hujibu kwamba bila kondoo hapatakuwa na kuta, wala mashamba, wala watu wa kuyatunza. Tena bei ya sufi katika miaka ya karibuni mara nyingi haikutosha hata kulipa gharama ya kuikata. Mabishano ya namna hii si mageni kwa watu wa Ukambani, ambao wazee wao mwaka 1938 walikwenda Nairobi kwa wingi kupinga kupunguzwa kwa ng'ombe wao. Kila upande una neno la kweli, na maji ya mvua hayangoji mpaka waishe kusemezana.

Kutoka kileleni njia hushuka kusini hadi penye kipito kiitwacho Hause Gate, kisha hugeuka na kuteremka upande wa ziwa. Hapa upepo hukatika ghafula, kana kwamba mlango umefungwa, na mtembezi husikia tena sauti za vijito. Chini, karibu na Manesty, ardhi ni ya majimaji, na ubao umetandikwa juu ya kinamasi. Kisha huanza msitu wa Brandelhow, wenye mialoni na miti ya jamii ya msonobari ambayo, tofauti na ndugu zake, hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutisha majani yake membamba. Mvua iliyokwisha angani huendelea kudondoka chini ya miti kwa muda mrefu.

Msitu huu haukuwa wa amani siku zote. Palikuwapo mgodi wa risasi, safari hii risasi ya kweli, ambao ulifungwa mwaka 1891. Vifusi vyake bado vipo kando ya maji. Baadaye ardhi hiyo ilipotaka kuuzwa, watu waliogopa kwamba matajiri wangejenga nyumba zao ufukoni na kufunga njia. Kasisi Hardwicke Rawnsley wa Keswick, ambaye mwaka 1895 alikuwa miongoni mwa watatu walioanzisha National Trust, pamoja na Octavia Hill na Robert Hunter, aliomba michango. Zilihitajika paundi 6,500 kwa ekari 108. Walitoa matajiri, na walitoa pia wafanyakazi wa miji ya viwanda ambao shilingi moja au mbili kwao zilikuwa fedha nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa Oktoba 1902 Brandelhow ilifunguliwa na Princess Louise, binti wa Malkia Victoria, ikiwa ardhi ya kwanza ya chama hicho katika Wilaya ya Maziwa. Mwaka 2002, ilipotimia miaka mia moja, iliwekwa hapo sanamu ya mikono miwili mikubwa iliyochongwa kwa mti wa mwaloni, viganja vimefunguka kama vya mtu anayepokea maji.

Njia ya kurudi Hawse End hufuata ukingo wa ziwa. Ni nyepesi, lakini haikosi mafundisho. Mwezi wa Desemba 2015 dhoruba iitwayo Desmond iliangusha katika kipito cha Honister, maili chache kusini ya hapa, milimita 341.4 za mvua kwa saa 24, kiasi ambacho hakikuwahi kupimwa kabla katika Uingereza. Ni mvua nyingi kuliko ile ambayo Lodwar hupata kwa kawaida katika mwaka mzima. Mto ulifurika ndani ya Keswick, kama ulivyokuwa umefurika mwaka 2009, na nyumba nyingi ziliingia maji. Juu ya kilima hatari ni ndogo lakini ni ya kila siku. Buti za watu huvunja majani, maji hupata mfereji, na mfereji ukiachwa huwa korongo. Mkulima yeyote aliyewahi kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko ataelewa mara moja kazi ifanywayo huko. Watunzaji na watu wa kujitolea hupanga mawe kama ngazi, huchimba mitaro ya kuelekeza maji pembeni, na mahali pengine mawe hupelekwa juu kwa helikopta. Kwa hiyo mtembezi huombwa neno moja tu, nalo ni dogo: akanyage jawe, asikanyage jani kando ya njia kwa sababu ya kukwepa tope.

Maili nne hivi za mzunguko huo, kwa mwendo wa pole, huchukua saa tatu. Mtembezi aliyehesabu vizuri hufika gati la Hawse End mwanga ungali upo, akiwa na tope magotini na nguo zilizolowa na kukauka mara mbili. Katika majira ya vuli motaboti za jioni ni chache, na ya mwisho haimngoji mtu. Nyuma yake Catbells huanza kuvaa ukungu tena, na sauti za kondoo husikika kutoka mahali ambapo macho hayaoni kitu. Wao hawashuki. Wako katika upande wao wa kilima, walipofundishwa na mama zao, mvua inyeshe au jua liwake.